Punda jike mwenye kwato iliyosimama: azae au asizae?

Vijana mnaotoka Buhuri na vyuo vingine vya mifugo mkapangiwa Handeni, Kilindi au Mkinga, mtaulizwa kila siku habari za ng'ombe na mbuzi, na mara chache sana habari za punda. Siku mtakapoulizwa, swali litakuwa zito. Mara nyingi muulizaji ni mama ambaye maji ya nyumbani kwake yanaletwa na punda huyo mmoja. "Mwanangu, huyu kwato yake imesimama, madumu hayawezi tena. Si bora nimwache azae tu?"

Msimjibu hapohapo. Mimba ya punda ni ya mwaka mzima, na huzaa mtoto mmoja. Ukishauri vibaya, mama wa watu atakaa mwaka akisubiri mtoto ambaye huenda akazaliwa miguu imekunjika, na huku jike lenyewe limezidi kuchechemea.

Anza kwa kuhakikisha kwamba tatizo lipo kweli, yaani kwato imesimama wima kupita kawaida ya punda. Mafunzo mengi ya kwato yameandikwa kwa ajili ya farasi, mnyama ambaye huku kwetu ni adimu kwa sababu ya mbung'o na maradhi mengine yanayommaliza. Kwa farasi mzima, ukuta wa mbele wa kwato hulalia ardhi kwa pembe ya nyuzi 50 hadi 55. Punda kwa maumbile yake amesimama zaidi, nyuzi 5 hadi 10 juu ya hapo. Ukimpima kwa kipimo cha farasi utarudi ofisini na orodha ya punda wagonjwa ambao hawana ugonjwa wowote.

Mimi humweka punda kwenye sakafu ngumu au juu ya ubao, nikachuchumaa, nikapiga picha kutoka ubavuni, simu ikiwa chini kabisa usawa wa kwato. Kisha naweka kipimapembe cha mkebe wa hesabu juu ya picha. Namba peke yake haitoshi. Linganisha mguu wa kushoto na wa kulia, maana mara nyingi mmoja ndio uliosimama. Angalia pia kama ukuta wa mbele wa kwato unafuata mstari mmoja na mfupa ulio juu yake, au mstari unavunjika kuelekea mbele pale manyoya yanapokutana na kwato. Sasa inua mguu, uoshe, usugue kwa brashi. Kwato iliyosimama kweli ina mistari ya ukuaji ambayo kisigino imeachana na kwenye ncha imebanana. Ukuta wa mbele umebonyea kwa ndani kama kijiko. Ule mstari mweupe unaounganisha ukuta na soli umepanuka kwenye ncha, na mara nyingi umejaa tope na kuanza kuoza. Kama unachokiona ni kisigino kirefu tu na mengine yako sawa, huenda hajapunguzwa kwato kwa muda mrefu. Mpunguze, urudi baada ya wiki kadhaa.

Kiini cha kasoro hii hakimo kwenye kwato. Nyuma ya mguu kuna msuli na kano ndefu inayoshuka hadi kushika mfupa ulio ndani ya kwato. Urefu wake ukipungukiwa kulinganisha na mifupa ya mguu, unauvuta mfupa ule kwa nyuma, ncha inabeba uzito, kisigino kinaning'inia na kurefuka. Kazi yenu ni kujua upungufu huo ulitoka wapi, kwa sababu jibu la "azae au asizae" limo humo.

Muulizeni mwenye punda: alizaliwa hivi? Kama hakuzaliwa hivi, ilianza akiwa na umri gani, na kabla ya hapo aliumia? Watu wa vijijini wanawajua wanyama wao, wataeleza, mradi umeamkia kwanza na umekaa, usiulize ukiwa juu ya pikipiki.

Aliyeumia ndiye mwepesi kumwamulia. Punda akichomwa na mwiba, akivunjika au akipata jipu ndani ya kwato, huukwepesha mguu miezi na miezi, na kano inajikunja kwa kutotumika. Hilo halirithiwi. Jike wa namna hii, kama maumivu yamekwisha, anakula vizuri na anatembea mpaka malishoni na kurudi, sina pingamizi apandishwe.

Aliyeanza akiwa mdogo, mwezi wa kwanza hadi wa nne au zaidi kidogo, anahitaji uchunguzi mrefu. Hapo mifupa inakua haraka kuliko kano, na lishe ina mkono wake. Pumba za mahindi zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Mama na mtoto wakishindiliwa pumba bila majani ya kutosha na madini, ukuaji unakwenda mrama. Lakini maumbile ya kurithi nayo yamo. Kwa farasi wa Uholanzi, watafiti waliona kwamba watoto wenye miguu mirefu na kichwa kidogo hulazimika kutanua miguu ili mdomo ufike kwenye nyasi, wakazoea kutanguliza mguu uleule kila siku, na kwato zao zikatofautiana. Umbo hilo la mwili mtoto analipata kwa wazazi.

Aliyezaliwa hivyo ndiye wa kuhofia zaidi, ila hata yeye msimhukumu kabla ya kuuliza mama yake alikula nini. Huko Marekani majike wa farasi waliochungwa kwenye mashamba ya nyasi za jamii ya mtama mwanzoni mwa mimba walizaa watoto wenye viungo vilivyokakamaa. Kwetu Handeni ukame ukikatika, maotea ya mtama ndiyo majani ya kwanza kuonekana, na punda wanayafuata. Kama ni hivyo, zuia malisho hayo mimba ijayo. Lakini ukisikia dada yake alizaa vilevile, au watoto wawili wa dume lilelile wamezaliwa vilevile, hapo jibu langu ni hapana: jike asipandishwe, na dume ahasiwe na daktari. Dume ndilo la kushughulikia kwanza, maana jike huharibu mtoto mmoja kwa mwaka na dume huzagaa kijiji kizima.

Mtasikia pia hoja ya matibabu: "Si alipasuliwa akapona?" Upasuaji upo. Hukatwa ligamenti ndogo inayoishikilia ile kano, na hufanikiwa zaidi mnyama akiwa hajafika mwaka. Kwa ushauri wa upasuaji, ulizieni SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Lakini kisu kinanyoosha mguu wa aliyepasuliwa, hakigusi atakachomrithisha mtoto. Punda aliyenyooshwa namna hii anahitaji maandishi kwenye daftari lenu, kwa sababu akiuzwa mnadani hakuna atakayejua.

Hata pale urithi haupo, mpimeni jike mwenyewe. Uzito wa mimba huongezeka zaidi miezi mitatu ya mwisho. Punda ni msiri wa maumivu; hapigi kelele, anasimama kimya, analala zaidi, anapunguza kula. Punda mwenye mimba akiacha kula, mafuta ya mwili humwagika kwenye damu na ini likashindwa, na hapo kumwokoa ni vigumu. Jike anayechechemea akiwa hana mimba, msimwongezee mzigo huo kwa sababu tu hawezi mkokoteni.

Mkiitwa kwa mtoto aliyezaliwa miguu imekunjika, swali la kwanza ni kama amenyonya. Asiyeweza kusimama hafikii chuchu, na maziwa ya mwanzo yanamfaa ndani ya saa chache tu za kwanza. Mkamueni mama, mnyweshe kwa chupa. Wengi wenye kasoro ndogo hunyooka kwa siku chache wakitembezwa kidogo kidogo penye ardhi ngumu. Wengine hufungwa banzi: nusu ya bomba la plastiki lililotandikwa pamba nyingi, likifunguliwa kila siku kukagua vidonda. Ipo sindano ya mshipani ya oksitetrasaiklini, dawa ya kuua vijidudu, ambayo pia hulegeza kano siku za mwanzo. Msiichome kwa kukisia. Kipimo kilichoandikwa ni cha mtoto wa farasi, wa punda ni mdogo zaidi, figo zinaweza kuharibika, na ile ya kukaa siku nyingi mwilini inayouzwa madukani si ya mshipani. Hiyo ni kazi ya daktari aliyepima uzito.

Kwa mkubwa, mifupa imeshajipanga hivyo, kilichobaki ni utunzaji. Punguzeni kisigino kwa tupa kidogo kidogo, kila wiki nne hivi. Mkikishusha chote siku moja, kano inavuta kwa nguvu na ukuta wa ncha unachanika kutoka ndani.

Na mkishaamua kwamba jike asizae, msiondoke kabla ya kupanga na mwenye punda namna ya kumtenga. Jike aliyezaa karibuni huweza kurudi kwenye joto ndani ya siku 5 hadi 10, na madume yanayozurura yanafika kisimani kabla yenu. Mwambieni mama amlaze ndani ya boma, amnyweshe saa ambazo madume hayapo, na mzungumze na mwenyekiti wa kijiji kuhusu madume yasiyo na mwenyewe.