Tangi la matumbawe sebuleni: maji ya bure ya Tanga yasikudanganye

Mkazi wa Raskazone, mtaa wa pwani mjini Tanga, akitaka kufuga matumbawe nyumbani huanza na hesabu moja: maji ya bahari yapo, tena bure. Ni kweli, ila si maji ya kila siku wala ya kila mahali, na kuna kazi moja ambayo maji hayo hayafai kabisa. Tutaifikia.

Kwanza chombo. Tangi la sentimita 180 kwa 60 kwa 60 lina ujazo wa lita 648. Ukijumlisha vioo vya milimita 12, mawe na mchanga, sakafu inabeba karibu kilo 900. Likae chini, juu ya zege. Ghorofa ya kale yenye dari la boriti usiijaribu. Fundi vioo aweke ukanda wa kioo wa kukaza kuzunguka mdomo wa juu, na atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo ni sumu kwa viumbe. Iache ikauke wiki nzima, kisha lijaze maji ya bomba uani kwa siku tatu kabla halijaingia ndani. Likivuja, livujie nje.

Chini yake panakaa tangi dogo la kuchujia, lenye mashine ya povu (inayotoa uchafu majini kwa mapovu) na pampu ya kurudisha maji juu, kama lita 3,000 kwa saa. Hapa umeme ndio mtihani. Ukikatika, maji ya juu hurudi chini kupitia bomba lile lile la pampu. Kila sentimita moja ya kina cha tangi la juu ni lita 10.8, mdomo wa bomba ukizama sentimita tano, lita 54 zitashuka, na zisipopata nafasi zitapata zulia. Toboa tundu la milimita tano kwenye bomba, chini kidogo ya usawa wa maji, livute hewa na kukata mkondo. Lisafishe kila wiki, kwani mwani huliziba. Halafu zima swichi kuu kwa makusudi, utazame maji yanaishia wapi.

Kuchota maji ni majira. Wakati wa masika usisumbuke: mito ya Zigi na Pangani hushusha tope na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na chumvi ya bahari inapungua. Subiri siku kadhaa bila mvua, uchote maji yakiwa yanajaa, mbali na bandari, mifereji na midomo ya mito. Tumia madumu ya plastiki ambayo hayajawahi kubeba mafuta wala dawa. Yachuje kwa kitambaa kizito, yaweke gizani wiki moja huku pampu ya hewa ikifanya kazi, kisha pima: gramu 35 za chumvi kwa lita.

Sasa ile kazi. Kwa joto letu, na feni ikipuliza juu ya maji, tangi hili linaweza kupoteza lita kumi kwa siku. Yanayopaa ni maji matupu, chumvi inabaki. Ukifidia kwa maji ya bahari, kila siku unaongeza gramu 350 za chumvi. Tangi lenye lita 600 za maji lina kilo 21 za chumvi. Baada ya siku kumi litakuwa na kilo 24.5, yaani karibu gramu 41 kwa lita. Matumbawe yatajikunja, konokono watalala chali. Fidia kwa maji baridi yaliyochujwa kwa mashine ya RO, inayosukuma maji kupitia utando unaozuia chumvi na madini. Ya kisima yana madini mengi, ya bomba yana klorini, na ya mvua yaliyopita juu ya bati huja na zinki. Bandika utepe kwenye tangi la chini uwe alama ya kujazia. Maji ya bahari yana kazi yake: kubadilisha asilimia kumi kila wiki, madumu matatu ya lita ishirini.

Joto lisipite nyuzi 28. Kaskazi inapovuma hewa imejaa unyevu, na feni hupoza kidogo tu. Mashine ya kupozea maji ni ghali, lakini bila hiyo tusingeshauri matumbawe magumu. Kwa usiku wa giza, betri ya volti 12 ya saa-ampea 100, ukitumia nusu ya nguvu yake, huendesha pampu ya mzunguko ya wati 40 kwa takriban saa kumi na mbili, ukitoa nguvu inayopotea njiani. Kinachoua haraka umeme ukikatika ni kukosa oksijeni.

Mawe yawe ya matumbawe makavu ya zamani, yasiyogusa saruji, kilo 60 hivi. Yakae juu ya kioo kwanza, mchanga ufuate. Ukianza na mchanga, samaki wachimbaji watafukua na rundo la mawe litaanguka. Ning'iniza kamba mbichi mmoja (yule wa kuliwa) kwenye wavu aoze, na usubiri wiki nne hadi sita, mpaka amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uozo, zote zisome sifuri.

Matumbawe hai usiyavunje baharini. Sheria inakataza, na pwani ya kusini mwa mji iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (samaki wa kale wa kina kirefu) tangu 2009. Nunua vipande vilivyooteshwa kwenye matangi, vyenye vibali. Samaki ni wachache, mmoja mmoja, kila baada ya wiki mbili. Kangaja awe wa mwisho, kwa sababu akitangulia atawafukuza wageni wote. Chewa, bunju na kikande waache huko huko.