Kadi ya 2016 bado inacheza, ila uliza memori kwanza

Juma lililopita kijana wa jirani, hapa Kamalondo, alinijia amebeba kompyuta kama mtu aliyebeba mgonjwa. "Yaya, gemu inaanza vizuri, baada ya dakika kumi inakwamakwama. Wameniambia kadi imezeeka, ninunue mpya."

Kadi yake ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini, ni GTX 1060 ya NVIDIA yenye memori ya GB 6, sawa na yangu. Nikamwambia tuifungue kwanza.

Tulipotoa feni, vumbi jekundu lilikuwa limeziba vyuma vya kupozea hadi hakupiti hewa. Anayeishi Lubumbashi wakati wa kiangazi analijua vumbi hilo. Hata kabatini linaingia. Pasta ya joto, ile inayopitisha joto kutoka chipu kwenda kwenye vyuma, ilikuwa imekauka, inabanduka kama rangi ya ukuta. Tukasafisha kwa brashi, tukapaka pasta mpya. Joto likashuka kutoka nyuzi 86 hadi 70, na kukwama kukaisha. Chipu ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe, uzee haukuhusika.

Mimi nacheza kwa 1080p (ukubwa wa kawaida wa picha, nukta 1920 kwa 1080), mipangilio ya kati. Napunguza vivuli kabla ya kitu kingine chochote, maana ndivyo vinavyokula nguvu bila kukuongezea raha. Kwenye Cyberpunk 2077 nawasha FSR ya AMD, mbinu ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza ili gemu iende kasi, ambayo inakubali hata kadi hizi za NVIDIA. DLSS, mbinu kama hiyo ya NVIDIA, sahau, hiyo inataka kadi zao mpya zaidi za RTX.

Kuna mahali ujanja unagota. Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 inadai kadi yenye vifaa vya ray tracing, yaani vya kukokotoa njia ya mwanga, na 1060 haina. Tena NVIDIA ilitangaza 2025 kwamba kadi za kizazi hiki zinaacha kupata draiva mpya za gemu, yaani programu zinazoiendesha kadi.

Ukinunua ya mkono wa pili, angalia sana. Zipo 1060 za GB 3, na hizo hata chipu yake imepunguzwa. Mimi niliuziwa moja nikiambiwa ni ya GB 6. Niliigundua nyumbani, nilipofungua GPU-Z, programu inayoonyesha undani wa kadi. Siku hizi sitoi dola kabla ya kuiona ikiwaka. RX 580 ya AMD, ya GB 8, ni nzuri pia, ila inakula wati 185 dhidi ya 120 za 1060. Sisi tunaocheza kwa betri umeme ukikatika, tofauti hiyo tunaihisi.

Kijana alirudi jana. Sasa anataka tufungue na ya kaka yake.