Isale imebaki shina tupu: nikate wapi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Miaka sita iliyopita nilitoka na mche wa isale (drasena) kwa mama, Marangu, Kilimanjaro, nikaupanda kwenye chungu sebuleni, hapa Tabata. Sasa umenipita urefu. Majani yamebaki kileleni tu, chini ni shina tupu lenye pete-pete, na mmea wote umeinamia dirishani. Ncha za majani nazo zinakauka. Nazikata kwa mkasi, zinakauka tena. Nataka kuupogoa lakini naogopa, maana shina ni moja tu na nikikosea nimeupoteza. Nikate wapi? Na kile kipande cha juu nikitupe?

JIBU: Dada, usikitupe, tutakifikia. Kwanza nikutoe hofu. Uzio wa masale unaotenganisha vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya Wachagga, kule kwenu haukupandwa kwa mbegu. Wazee walikata fimbo, wakaichomeka ardhini, ikashika. Mmea huu unavumilia kisu kuliko mimea mingi ya ndani ninayoihudumia, na hilo shina moja ulilonalo lina macho mengi ya kuchipua yaliyolala.

Kabla ya kushika kisu, libonyeze shina kwa kidole gumba, kuanzia usawa wa udongo kwenda juu. Likiwa gumu lote, endelea. Likibonyea mahali, au gome limejikunja kama ngozi ya embe lililokaa, mizizi imeanza kuoza kwa maji mengi, na kupogoa kilele pekee hakutauponya. Hapo itabidi ukate juu ya sehemu iliyooza, mpaka ukute mti mgumu na mweupe ndani, kisha uanze upya kwa vipande.

Zile pete ni makovu ya majani yaliyoanguka, na kwenye makovu hayo ndiko macho yaliko. Hayachipui kwa sababu kilele kinatengeneza homoni, oksini, inayoshuka na shina na kuyazuia. Ukiondoa kilele, kizuizi kimeondoka, na macho yaliyo karibu kabisa na jeraha ndiyo huamka kwanza. Ndiyo maana hukati pale unapotaka mmea uishie. Machipukizi yataanzia chini kidogo ya mkato na kupanda juu, kwa hiyo shuka zaidi. Kwa mmea uliokupita urefu, mimi ningekata usawa wa kiuno chako. Najua inauma kuona nusu ya mmea imelala sakafuni, lakini ukikata juu kwa huruma utabaki na shina lilelile tupu, na kishungi kipya juu yake.

Tumia msumeno mdogo wenye meno laini, au mkasi wa kupogolea uliofutwa kwa spiriti. Mkasi butu hukamua shina badala ya kulikata, na sehemu iliyopondeka huoza. Kata mara moja, sentimita mbili hivi juu ya pete. Usipake udongo wala samadi. Acha jeraha likauke lenyewe. Ukipenda, litie nta ya mshumaa.

Sasa nisikilize vizuri kwenye maji, maana hapa ndipo mimea mingi iliyopogolewa vizuri kabisa inapofia. Maji yanayopanda kutoka kwenye mizizi hutoka nje kupitia majani. Umeondoa majani yote. Chungu kilichokuwa kikikauka kwa wiki moja sasa kinaweza kukaa na unyevu wiki tatu. Mwenye mmea anaona kijiti kikavu, anakihurumia, anamwagilia kila asubuhi. Nimeitwa kwenye ofisi moja kutazama mmea wa jamii hii uliokatwa wiki tano nyuma. Mkato ulikuwa safi, hauna kosa hata moja. Nilipouvuta ukatoka wote mkononi mwangu bila mizizi, na udongo ukanuka kama kinamasi. Wewe ingiza kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili. Ukikuta unyevu, usimwagilie. Mbolea pia usiweke mpaka uone majani mapya yamefunguka.

Kwa joto la Dar, macho huanza kuvimba baada ya wiki nne hadi nane, yakionekana kama vipele vya kijani vinavyopasua gome. Ukikata Juni hadi Agosti utasubiri zaidi. Huwa yanatoka mawili au matatu. Yakizidi, bakiza yale yanayotazama pande tofauti, mengine yavunje yakiwa bado madogo.

Mmea umeinama kwa sababu unatafuta mwanga, na usipolitatua hilo, baada ya miaka michache utaniandikia tena. Usogeze ndani ya mita moja na nusu ya dirisha, lakini jua kali la mchana lisiupige. Kila wiki zungusha chungu robo duara.

Kile kipande cha juu kata kibaki na sentimita ishirini hivi za shina, ondoa majani ya chini, kiache kivulini siku moja jeraha likauke, kisha kichomeke kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji. Ukitaka kuona mizizi ikitoka, kiweke kwenye chupa ya maji na uyabadilishe kila wiki. Shina tupu lililobaki katikati ligawe vipande vya sentimita kumi na tano. Ila kuna mtego: vikishalala mezani, huwezi kujua upi ni upande wa chini, na ukikichomeka kichwa chini hakishiki. Kila unapokata, upande wa chini ukate mshazari, wa juu ukate bapa. Panda viwili au vitatu kwenye chungu kilekile kando ya mama yao, kwa urefu tofauti, na utapata kichaka badala ya nguzo.

Kuhusu ncha kukauka, mkasi haujakosea. Tatizo ni maji. Mimea ya jamii ya isale huathirika haraka na chumvi na floraidi. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na wasomaji wa Arusha na Meru, ambako maji yana floraidi nyingi, huniletea swali hilihili. Kuchemsha maji hakuondoi chumvi wala floraidi. Kunazidisha, kwa kuwa maji hupungua na vyenyewe hubaki. Kinga maji ya mvua kwenye ndoo, hayo ndiyo maji ya mmea wako. Na kama kingo za chungu zina ukoko mweupe, toa chungu nje umimine maji ya mvua mengi yapite mpaka chini, mara mbili au tatu, uache yachuruzike yote.

Ncha zilizokwisha kauka zikate kwa kufuata umbo la jani, zibaki zimechongoka, na uache uzi mwembamba wa kahawia. Ukikata mpaka kwenye kijani unafungua jeraha jipya, na jeraha hilo nalo litakauka. Na kama nyumbani kuna paka au mbwa, majani uliyokata yaondoe sakafuni mara moja, maana wakiyatafuna yanawatapisha.