Hakukataa Uganda, amekataa nyumba ile

*Shangazi, nina miaka 68. Niliondoka Jinja mwaka 1988, nikaendesha mabasi Leicester, Uingereza, mpaka nikastaafu. Nimejenga ghorofa Bugembe, nataka turudi tukazeekee nyumbani. Mke wangu, aliyefanya kazi ya usiku ya kutunza wazee, anasema: "Mimi kwenye nyumba ile siishi." Watoto wako upande wake. Nyumba inaangaliwa na dada mmoja mcha Mungu, msafi, mpole, nami nimekwenda mara nne tangu mwaka jana kuikagua. Nirudi peke yangu?* Mzee wa Leicester

Pole, mzee. Baridi ya kule na mifupa ya miaka 68 havipatani. Pole imeishia hapo.

Isome tena barua yako. Mkeo hakutaja Uganda, kataja "nyumba ile". Mwanamke aliyeinua wazee wa watu vitandani usiku kucha ana magoti gani ya kupanda ngazi? Ghorofa hiyo ulimjengea nani? Nahisi uliwajengea wanaopita barabara ya Iganga, waseme fulani karudi na kitu. Ndiyo ndoa za leo: mume anajenga kwa simu, mke anaonyeshwa picha.

Halafu huyo dada. Mimi sikumuulizia, umemleta mwenyewe. Mkeo wa miaka yote umemtaja kwa kazi yake tu. Dada kapewa sifa tatu kwa mstari mmoja. Na nyumba iliyokwisha kujengwa inakaguliwa mara nne? Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Kuna na hesabu. England, mtu akishafika miaka 60 dawa za kuandikiwa na daktari anapewa bure. Mkihamia huku moja kwa moja mnaziacha, pamoja na hospitali zao. Pensheni ya serikali yao nayo, ukishahamia Uganda, haipandi tena: unabaki na kiwango ulichoondoka nacho, hata sukari ya Kakira ipande vipi. Ulipiga hesabu hiyo, au ulipiga rangi tu?

Tena hati ya kiwanja iko kwa jina la nani? Hukuandika. Kama ulichukua uraia wa Uingereza kabla ya 2009, wakati Uganda haijaruhusu uraia pacha, kauombe upya uraia wako. Asiye raia hapa hapati ardhi ila ya kukodi, isiyozidi miaka 99.

Peke yako usirudi. Mwenye kutunzwa uzeeni ni wewe, na mtunzaji unaye, amesomea kazi hiyo kwa wazee wa wengine. Njooni wote miezi mitatu, mlale vyumba vya chini, ghorofani wapangishieni watu. Funguo ashike mkeo. Akisema mkae nusu mwaka huku na nusu kule na wajukuu, kubali bila kununa.

Na dada mcha Mungu alipwe haki yake yote, aende kwao kabla ndege yenu haijatua Entebbe.