Ndugu mwenye baipola akirudi baada ya siku mbili: hesabu saa 72

Dada wa Likoni, umeuliza umkinge vipi na virusi vya ukimwi ndugu yako wa miaka 26 mwenye baipola (ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), ambaye akipandwa hutoka nyumbani akapotelea Mtwapa, mji wa starehe kaskazini mwa Mombasa, siku mbili tatu. Umesema kliniki mmeambiwa atibiwe akili kwanza, hayo mengine baadaye. Na kuna mtu aliyekushauri apimwe kisirisiri akiwa amelala kwa dawa.

Nianze na huyo wa mwisho: tafadhali usifanye. Sheria ya ukimwi ya Kenya ya mwaka 2006 inataka ridhaa ya anayepimwa. Tena mgonjwa akigundua alipimwa kwa hila, huanza kuogopa hata kidonge unachompa mkononi. Ngoja atulie, umweleze kipimo ni cha nini, kisha mwombe akurudishie kwa maneno yake mwenyewe. Akiweza kueleza, anaweza kuamua. Kama amepandwa kiasi cha kutoweza kukubali wala kukataa, sheria hiyo inataja wa kuridhia kwa niaba yake: mlezi, mwenzi wake, mzazi, au mtoto wake aliyetimiza miaka 18. Dada hayumo, isipokuwa ndiye mlezi wake. Kwa hiyo mama au baba afuatane nanyi.

Hilo la "akili kwanza" halifai, maana mania, yaani huko kupandwa, ndiyo inayoleta hatari. Usingizi unapungua, pesa zinamwagika, hamu ya kujamiiana inapanda, na yule mtu makini unayemjua hayupo kwa siku kadhaa. Kinga yake ipangwe akiwa mzima, ndiyo itamfaa akiwa hajiwezi.

PrEP, dawa ya kumkinga asiye na virusi kabla hajakutana navyo, hutolewa bure katika vituo vingi vya serikali tangu 2017. Ni kidonge kimoja kila siku. Kwanza apimwe HIV, homa ya ini aina ya B, na figo. Akimeze saa ile ile ya dawa za akili, na mwombe muuguzi aweke tarehe ya PrEP siku moja na kliniki ya akili, kwa sababu safari mbili za feri na matatu ndizo zinazowachosha watu wakaacha. Wiki tatu za mwanzo asitegemee kidonge peke yake, atumie na kondomu.

Angalia anatumia dawa gani. Kama ni lithiamu (dawa ya kutuliza baipola), hiyo na tenofovir iliyomo kwenye PrEP zote hutolewa na figo, basi figo zipimwe mara kwa mara zaidi kuliko kwa mtu mwingine. Asinunuliwe Brufen wala diklofenaki dukani kwa maumivu ya mgongo: hupandisha lithiamu mwilini na kuzichosha figo hizo hizo. (Ramadhani nayo, kwa joto letu hili, asifunge kabla ya kuzungumza na daktari, maana mwili ukikauka lithiamu hupanda.) Kama ni karbamazepini (dawa nyingine ya baipola), PrEP ya vidonge haina tatizo nayo, lakini huzipunguza nguvu sindano za PrEP: ile ya kila miezi 2 haichanganywi nayo, na ile ya kila miezi 6 daktari aamue kwanza. Mtajieni daktari dawa zake zote kabla ya kukubali sindano.

Kondomu ina shida yake ambayo haizungumzwi. Haloperidoli, dawa ya akili, na dawa za jamii yake huweza kutetemesha mikono. Mtu huishia kurarua pakiti kwa meno, na jino likigusa mpira kinga imekwisha. Azoee kuifungua nyumbani: aisukume kondomu upande mmoja, achane ule ukingo wa pili kwa vidole, abane ncha, aivishe. Kama mikono inatetemeka sana, daktari aambiwe, kuna dawa ya kutuliza. Asizikalie mfukoni mwa nyuma, joto huziharibu. Na mafuta ya nazi ambayo kila nyumba huku inayo, au Vaseline, hulainisha mpira hadi ukapasuka. Atumie kilainishi cha maji.

Sasa lile ambalo familia nyingi hukosea. Akiwa nje, vidonge vya PrEP huwa havimezwi. Akirudi, msimwanzishie tu PrEP kana kwamba hakukuwa na kitu. Anahitaji PEP, dawa za dharura za kuzuia virusi baada ya kukutana na hatari, za siku 28, ambazo lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Hesabu nawe: ametoka Ijumaa saa nne usiku, amerudi Jumapili adhuhuri, amechomwa sindano ya kumtuliza, amelala, ameamka Jumanne asubuhi. Saa 72 za Ijumaa zimekwisha Jumatatu saa nne usiku, na mlikuwa mkimwacha apumzike. Kwa hiyo siku ile ile anayorudi, kabla au sambamba na sindano, aulizwe kwa upole: ulilala na mtu? Kondomu ilikuwepo? Kama hakumbuki, hesabu tangu usiku aliotoka. Nendeni kitengo cha dharura hata usiku, wala dozi ya kwanza haihitaji kungoja majibu ya vipimo. Akiwa kwenye karbamazepini, mwambieni daktari, kwa sababu dolutegravir iliyomo kwenye PEP humezwa mara mbili kwa siku badala ya moja. Dozi ikimalizika apimwe tena, na kama bado hana virusi aunganishe na PrEP bila pengo, kisha kipimo kingine baada ya miezi 3.

Yote haya yaandikeni kwenye kitabu chake cha kliniki wakati huu ametulia, kwa mwandiko wake kama anaweza: majina ya dawa, dalili anazoanza nazo (usiku mbili bila usingizi, kugawa pesa), nani ampeleke, nani ashike simu yake ya M-Pesa kwa makubaliano. Aweke sahihi.

Na anayesoma hapa akiwa na dada au binti mwenye ugonjwa huu: kwake kubakwa ni hatari kubwa. Asioge, apelekwe hospitali kwanza, polisi baadaye. Hospitali ya Coast General, Mombasa, ina kituo cha waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, na simu ya bure ya msaada ni 1195. PEP ni saa 72 zile zile, kidonge cha kuzuia mimba hadi siku 5. Na kama hedhi imekatika kwa sababu ya dawa za akili, bado anaweza kushika mimba.