Mifupa ya ng'ombe kwenye tanuu la chokaa?

SWALI: Shikamoo shangazi. Ninachoma chokaa huku Tongoni, Tanga. Mdogo wangu aliye chuo anasema mifupa ya ng'ombe ikichomwa na kusagwa, unga wake hujaziwa kwenye mifupa ya watu iliyovunjika. Machinjioni mifupa inatupwa tu. Nikiichoma kwenye tanuu langu, hospitali watanunua?
Mchoma chokaa, Tongoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Mdogo wako hajakudanganya, lakini hospitali hawatanunua, na ningewashangaa wangenunua.

Mawe ya matumbawe unayochoma ni kalsiamu kaboneti. Yakifika kama nyuzijoto 900 hutoa hewa ya ukaa, inabaki chokaa hai, ile inayochemka ukiimwagia maji. Hiyo ukiitia kwenye jeraha umemuunguza mtu. Mfupa si hivyo. Madini yake ni ya kalsiamu na fosfati, jamii ya haidroksiapatiti, nayo hustahimili moto. Kinachoungua ni uroto, mafuta na nyama.

Chukua mfupa wa goti uliokwisha kuchomwa, uuvunje. Ukiwa mweusi katikati, bado una mkaa. Wa kijivu, bado. Unaotakiwa ni mweupe hadi ndani, na vile vitundu vyake vyote vimebaki wazi. Mali ni hivyo vitundu! Vikipita mikroni 100 hivi, unene wa unywele tu, na vikiwa vimeungana, mishipa ya damu hupenya na mfupa mpya ukaota humo. Moto ukizidi, tuseme nyuzi 1200 na kuendelea, chembe hushikana, vitundu vikaziba, ukabaki na kigae. Sasa tanuu la magogo, chini linababua na juu halijaiva, utalipimaje? Maabara wana tanuri ya umeme, joto linapanda kwa saa.

Tena wengine hawatumii mifupa kabisa, hujitengenezea madini yale yale. Wanadondoshea asidi ya fosforasi kwenye maji ya chokaa, tone kwa tone, wakikoroga, mpaka atomi 10 za kalsiamu zikutane na 6 za fosforasi. Wakiharakisha, maji yanachachuka na inatoka fosfati nyingine. Kupata vitundu, huchanganya ule unga na wanga au sukari. Motoni vinaungua, nafasi inabaki. Halafu ndipo vipimo vinaanza: eksirei, madini ya sumu, vijidudu, kisha majaribio kwa wanyama. Miaka hiyo, mwanangu.

Mifupa yako ichome, isage, uwaulize watengeneza chakula cha kuku. Kuku naye anataka kalsiamu na fosforasi, wala hakudai eksirei.