Barua kwa mwanangu: bondia akichanika nyusi

Mwanangu,

Assalaamu alaykum. Sisi huku Wete wazima. Baba'ako kikohozi kimemwachia, na keshaanza tena kugombana na wachumaji wanaomvunjia matawi ya mikarafuu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaona bora nikuandikie, maana mambo ya kazi yakisemwa kwa mdomo hupotea.

Umesema promota mmoja hapo mjini amekuomba ukae pembeni ya ulingo kama daktari, na kabla hujamjibu unataka kujua: bondia akichanika nyusi, damu inamwagika, mwenyewe anasema anaweza, na kwa pointi anaongoza, ni haki kulisimamisha pambano? Umenieleza na ile vurugu uliyoishuhudia, daktari kasema basi raundi ya tatu, watu wakarusha chupa za maji ulingoni na kusema kanunuliwa.

Haki ni kulisimamisha, ila si kwa ajili ya damu. Hilo la damu liondoe kichwani kabla hujapanda ngazi za ulingo. Umeshashona nyuso za watu, unajua ngozi ya uso ilivyo na mishipa mingi; kidonda kidogo kinamlowesha mtu mpaka kifuani, na jasho likichanganyika na damu basi mtu wa viti vya nyuma anaona kama kachinjwa kuku. Bondia haishiwi damu kwa nyusi. Akichanika katikati ya paji la uso, au juu ya nyusi upande wa sikioni ambako damu inateremka shavuni bila kuingia jichoni, mwache apigane, hata kama mama yake analia mstari wa mbele.

Utazame ni jicho. Nyusi imekaa juu ya ukingo wa mfupa, na ngozi ikibanwa baina ya glovu na ule mfupa inapasuka kama imekatwa kwa wembe. Wapo watu wenye mfupa uliochongoka zaidi, hao huchanika kila mara. Mwingereza Henry Cooper alikuwa wa namna hiyo. Mwaka 1963 alimwangusha Muhammad Ali raundi ya 4, wakati huo bado anaitwa Cassius Clay, na raundi ya 5 pambano likasimamishwa kwa sababu ya jicho lake Cooper. Wakarudiana 1966 London, likaisha tena raundi ya 6 kwa jicho lile lile la kushoto. Nguvu alikuwa nazo, ngozi ndiyo iliyomwangusha.

Basi damu ikiingia jichoni mtu anapepesa, anajifuta kwa glovu, na mkono ukipanda kufuta, mbavu ziko wazi. Akiendelea hivyo upande mmoja unakuwa giza. Ngumi inayotoka upande ule haioni, na ngumi asiyoiona mtu hajikazi shingo kuipokea. Kichwa kinazunguka chote, na ubongo ndani yake. Kwa hiyo ukilisimamisha pambano kwa mchaniko, ngozi utaishona kesho, unachokiokoa ni ubongo. Watu wakikwambia "nyuzi tano tu hizo, daktari", wanazungumzia ngozi. Usibishane nao.

Pana mchaniko mwingine ambao hauna mjadala hata kama damu ni tone moja. Kope likichanika ukingo wake, simamisha. Kona ya ndani ya jicho, karibu na pua, simamisha na wala usiombe tochi. Pale ndani mna kijifereji chembamba kinachopeleka machozi puani, kikikatika na kisishikwe mapema na fundi wa macho, basi.

Unamjua mjomba wako. Tangu mdogo ulikuwa ukiuliza kwa nini mjomba analia kila harusi. Halii. Alikwenda Tanga ujanani kupigana, kwa kuwa hapa kwetu Zanzibar ngumi zilikuwa zimepigwa marufuku tangu enzi za Mzee Karume, na huko katika pambano moja alichanwa pale pale, karibu na pua. Daktari wa usiku ule alimtazama kwa mbali, akampa ishara mwamuzi waendelee. Ulikuwa mchaniko wa kucha moja, raundi mbili baadaye ukawa wa vidole viwili. Akashonwa juu juu. Mpaka leo jicho la kushoto linavuja, leso haimtoki mkononi, na wakati wa upepo wa kusi ndiyo kabisa. Pambano lenyewe alishinda, na akikusimulia huanzia hapo.

Yeye ndiye aliyenifundisha usimwulize bondia kama anaona. Atasema anaona. Ukimwonyesha vidole atasema "viwili" kabla hujamaliza kuvinyoosha, kwa sababu madaktari wengi huonyesha viwili. Mjomba wako amepita hivyo mara nyingi na anacheka akilisimulia. Funika jicho zima kwa kiganja chako wewe, usimpe yeye alifunike, atakuachia upenyo. Onyesha vitatu, kisha kimoja, kisha lete kidole kutoka pembeni polepole akwambie kinaingia lini. Mwambie atazame juu bila kuinua kidevu. Akikwambia anaona watu wawili mnaofanana, hapo habari si ngozi tena, huenda na mfupa wa tundu la jicho umevunjika, na hata asipokuwa na mchaniko unampeleka spitali.

Hilo la kutazama juu nimelitoa kwa mfano mkubwa. Juni 21, 2003, Los Angeles, Lennox Lewis na Vitali Klitschko, mkanda wa uzito wa juu. Raundi ya 3 Lewis akamchana Klitschko juu ya jicho la kushoto, mchaniko wa kutisha. Baada ya raundi ya 6 daktari akasema basi. Majaji wote 3 walikuwa wamempa Klitschko 58 kwa 56. Anaongoza, anataka kuendelea, anapiga kelele, ukumbi mzima unazomea, na kwa kuwa aliyemchana ni ngumi na si kichwa, ushindi ukaenda kwa Lewis kwa TKO, yaani pambano limesimamishwa mwenzake asiweze kuendelea. Hapo ndipo watu husema haki imepotea. Lakini daktari alieleza alichokiona: Klitschko alipoinua kichwa, kope la juu lilimfunika jicho. Mtu wa kimo chake anayepigana na Lewis hawezi kukaa ameinamisha kichwa ili aone. Alishonwa nyuzi 60. Mwaka uliofuata, Aprili 2004, akampiga Corrie Sanders na kuchukua mkanda wa WBC, na baadaye akawa meya wa Kyiv. Angeachiwa raundi nyingine 6 sijui angekuwa meya wa wapi.

Watakaokupinga watakuletea mfano wa bondia Tyson Fury. Las Vegas, Septemba 14, 2019, Otto Wallin akamchana raundi ya 3 juu ya jicho la kulia. Daktari akamtazama, wakamwacha, akamaliza raundi zote 12, akashinda kwa pointi, akashonwa nyuzi 47, na Februari 2020 huyo huyo akamvunja Deontay Wilder raundi ya 7. Ni kweli. Nimeitazama mimi na wajukuu kwenye simu, na nakwambia ningekuwa pale ningelisimamisha. Raundi kadhaa alikuwa anajifuta kila anaporudi nyuma, na ngumi za kushoto za Wallin zilikuwa zinampata upande ule ule. Alikuwa na kona hodari, yaani wale wasaidizi wanaomhudumia baina ya raundi, na bahati. Watu wakileta mfano wa aliyeachiwa akashinda, kama Rocky Marciano na pua yake iliyopasuliwa na Ezzard Charles mwaka 1954, wanamleta aliyeshinda. Mjomba wako naye alishinda.

Kona ni jambo la kulitazama sawasawa, maana mchaniko ule ule kwa kona hii utaendelea na kwa kona ile utausimamisha. Wana dakika 1 tu, na nusu ya dakika hiyo huliwa na kukaa, maji na maneno ya kocha. Anayejua kazi anasafisha mara moja, anatia kijiti cha pamba kilicholoweshwa adrenalini, dawa ya kubana mishipa, ndani ya kidonda, anabana kwa nguvu na habandui mpaka mwisho, ndipo anapaka vaselini. Ukimwona anafutafuta kwa taulo, huyo anaondoa damu iliyokwisha kuganda, na raundi inayofuata utaitwa tena. Zamani walikuwa na dawa fulani ya chumvi ya chuma, inakausha damu papo hapo lakini inaunguza nyama, na ikiingia jichoni ni balaa. Imekatazwa. Ukiona chupa usiyoijua kwenye ndoo ya kona, inuse, uliza, ikibidi ichukue.

Kwetu hili lina uzito zaidi. Ngumi zimerudi Zanzibar juzi tu, chini ya Rais Hussein Mwinyi, baada ya karibu miaka sitini. Bara wana wazee wa kona waliorithishana kazi, Tanga na Dar es Salaam hawakuacha. Hapa vijana ndio kwanza wanajifunza, waamuzi pia, na watazamaji wengi wamezijulia ngumi kwenye televisheni. Kwa hiyo daktari wa Unguja awe mwepesi zaidi wa kusema basi kuliko daktari wa Las Vegas, na hili sioni aibu kulisema. Kwa vijana wa ngumi za ridhaa ongeza tena wepesi. Wanaume wakubwa waliondolewa kofia za kichwa katika mashindano ya kimataifa mwaka 2013, na vichwa vikigongana siku hizi hakuna cha kuvizuia.

Kugongana vichwa nako kunabadilisha matokeo, na ndiko wanakoanzia kelele. Mchaniko wa ngumi, pambano likisimama, aliyechanika ameshindwa. Mchaniko wa vichwa bila kukusudia, kanuni nyingi zinasema raundi 4 zikiwa hazijaisha pambano halihesabiwi, au ni sare, na zikishapita zinafunguliwa kadi za pointi za majaji, anayeongoza ameshinda. Akikusudia ni habari nyingine, mpaka kuondolewa ulingoni. Ujue yote haya, kisha usiyatumie. Kazi ya kusema ni ngumi au ni kichwa ni ya mwamuzi, na ataisema pale pale inapotokea. Ukianza kupiga hesabu kwamba "nikingoja raundi moja zaidi zitafunguliwa kadi, atapata haki yake", umeshaacha udaktari umekuwa jaji wa nne. Wala usiulize nani anaongoza. Kwenye swali lako umelitaja hilo la pointi kama jambo la kupima. Litoe.

La kununuliwa litasemwa, ukisimamisha na usiposimamisha. Watu wanalipa kiingilio, wengine wameweka na fedha zao, wanataka mwisho wenye mtu chini. Mchezo wetu wa ng'ombe hapa Pemba mtu anachokozana na dume, ngoma zinalia, na jioni dume linarudi zizini zima na watu wanakwenda nyumbani wameridhika. Ngumi haina ustaarabu huo. Ukiliona linakuja, zungumza na mwamuzi, usizungumze na ukumbi.

Kwa mchaniko wenyewe baada ya pambano, nyusi usiinyoe. Najua mmefundishwa, lakini nimewaona vijana wenye vyeti vizuri kuliko vyangu wakichukua wembe. Nywele zile ndizo zinazokuonyesha ukingo huu unakutana na ule wapi, ukizitoa utamwachia mtu nyusi yenye ngazi. Na mdomo, ule mpaka wa wekundu na ngozi, uzi wa kwanza uuweke hapo kabla ya pengine popote. Glovu zako badilisha kila bondia, damu ile si ya mtu mmoja. Chanjo ya homa ya ini umeshapiga zote 3? Mara ya mwisho ulinambia mbili, nikanyamaza.

Sasa promota. Mwambie unataka kuambiwa kabla ya siku yenyewe neno la mwisho ni la nani, kwa maana kuna sehemu daktari anasimamisha mwenyewe na sehemu anamshauri tu mwamuzi, na hilo hutaki kulijua raundi ya tano. Mwambie unataka gari ya wagonjwa imeegeshwa mlangoni na dereva yumo ndani, hayuko kwenye viti anatazama. Unataka taa nzuri na chumba chenye mlango cha kushonea, na gharama za nyuzi za aliyeshindwa zilipwe sawa na za aliyeshinda. Akikataa hata moja katika hayo, mwambie usiku huo una zamu.

Baba'ako anakusalimu, anauliza ngumi zenyewe zitaonyeshwa wapi.

Wasalaam,
Mama yako, Wete.